Silikanti: Ukoo wa Samaki Uliojaa Mabingwa

Kuna samaki wenye mbio na samaki wenye meno ya kutisha. Lakini kwa wingi wa rekodi, kura yangu inakwenda kwa silikanti, waliogeuka mawe na walio hai.

1. Mkubwa kuliko wote: Mawsonia
Alipewa jina mwaka 1907 kutokana na mabaki ya Bahia, Brazil. Mengine yamechimbwa Afrika, ikiwemo Morocco. Wakubwa wao wanakadiriwa kufika mita 5. Mlaze kando ya daladala ya Hiace, pua usawa wa taa za mbele, na mkia utafika bampa la nyuma! Aliishi mitoni na kwenye maji ya chumvi kidogo, zama za dinosaria.

2. Anayefanana zaidi na walio hai: Macropoma
Huyu ni mdogo, nusu mita hivi, lakini kwangu ndiye mwenye mvuto kuliko wote. Mabaki yake yamo kwenye chokaa nyeupe ya Lewes, Uingereza. Magamba bado yamepangana, kila moja lina vinundu vyake. Mkia una sehemu tatu, kama wa walio hai, na ndani ya tumbo pafu lililofunikwa mabamba ya mfupa limebaki mahali pake.

3. Aliyepotea muda mrefu kuliko wote
Mabaki ya silikanti yanakoma miaka kama milioni 66 iliyopita. Wataalamu wakafunga faili. Desemba 22, 1938, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, akamkuta mmoja kwenye samaki wa meli ya uvuvi: mita 1.5, kilo 57. Akaitwa Latimeria. Wa pili alichukua miaka 14 kupatikana, Komoro.

4. Mimba ndefu kuliko zote
Tembo hubeba miezi 22. Silikanti? Miaka 5! Hayo yalitoka mwaka 2021, watafiti wa Ufaransa walipohesabu mistari kwenye magamba. Umri wake unakaribia miaka 100.

5. Mwenyeji wetu
Malindi, silikanti alinaswa mwaka 2001. Tanga wamenaswa wengi kwenye majarife ya papa, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Mvuvi wa Tanga, usitege jarife kwenye miteremko ya kina kirefu: jike ukimuua leo, mrithi wake atachukua zaidi ya nusu karne kufikia umri wa kuzaa.