Betri ya skuta: Pima kwanza, na kumbuka dhamana haivuki mpaka

Siku ya soko haimsubiri mtu. Mfanyabiashara amefunga mzigo wa vitenge kwenye skuta tangu alfajiri. Anabonyeza stata, inalia "ta-ta-ta", kisha kimya. Anapiga kiki mpaka jasho linamtoka. Akifika mpakani, wateja wa jumla wameshaondoka. Wengi wakipatwa na haya hukimbilia betri mpya, tena upande ule wa mpaka ambako bei imeshuka wiki hiyo.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha tatizo ni betri yenyewe. Mwombe fundi apime kwa mita. Skuta ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi. Kisha awashe na apige resi kidogo: mita isome kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki kwenye 12, betri haichajiwi. Ikipita 15, mara nyingi regulata imeharibika. Katika hali hizo mbili, hata betri mpya haitadumu.

Ukithibitisha kuwa betri imekwisha, usimwambie muuzaji "nipe ya skuta" tu. Nenda na ile ya zamani, au nakili maandishi ya ubavuni. Mfano ni YTX7A-BS na YTX7L-BS. Zote ni volti 12, Ah 6, na majina yanapishana herufi moja tu. Lakini ya kwanza ina urefu wa milimita 150, kimo 94. Ya pili ina urefu wa milimita 114, kimo 131. Isitoshe, chanya na hasi zimekaa pande tofauti. Ukilazimisha nyaya na kuzigeuza, unaweza kuunguza fyuzi, regulata au kifaa kingine cha umeme.

Angalia pia tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokwisha kutiwa asidi hupoteza chaji ikikaa rafuni, na ikikaa tupu miezi mingi huharibika kabla hujaifunga. Aina nyingi zenye herufi BS huuzwa kavu, na asidi yake kwenye chupa pembeni. Hiyo ni heri kwako: itiwe asidi mbele ya macho yako, iachwe itulie angalau nusu saa, kisha ichajiwe taratibu kabla ya kufungwa. Kwa betri ya Ah 6, chaja ya takriban ampea 0.6 inatosha.

Sasa tuje kwenye mpaka. Dhamana ya miezi sita huwa ni ahadi ya duka moja. Betri ikifa ukiwa kwako, utavuka tena, utapoteza siku na nauli, huku muuzaji akidai stakabadhi yenye muhuri. Kwa hiyo uliza mapema: nani atanibadilishia, na wapi?

Usidhani pia kuwa kila kitu kidogo hupita bila ushuru. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Betri iliyotengenezwa Asia haina asili hiyo, hata ukiinunua kwa jirani.

Betri ya zamani nayo usivuke nayo kwenda kuiuza chakavu. Ina risasi na asidi, na Mkataba wa Basel wa 1989 unaihesabu kuwa taka hatari, isiyopelekwa nchi nyingine bila idhini ya serikali husika. Mrudishie muuzaji au mpelekee mnunuzi wa betri chakavu wa upande wako anayeruhusiwa. Wengine hukupunguzia bei ya mpya.

Ukijumlisha nauli, ushuru na siku moja ya soko iliyopotea, betri ya duka la jirani yako, ingawa bei yake iko juu kidogo, huenda ndiyo rahisi kuliko zote.