Pikipiki Nayo Ina Mizani Yake

Wahenga walinena kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Changu cha magurudumu mawili usukani kilikuwa nao, bali ndio ulioniumiza mabega.

Kila mwisho wa mwezi mimi na mke wangu hutoka hapa Shanzu kwenda Mambrui, kumtazama dada yangu mkubwa ambaye sasa hajiwezi. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100: Mtwapa, Kikambala, daraja la Kilifi lililotuondolea feri mwaka 1991, msitu wa Arabuko-Sokoke, Malindi, hata uvuke mto Sabaki. Nilikuwa nikifika, mgongo haunyooki.

Safari moja, tulipolikaribia Gede, pindo la buibui la mke wangu lilinaswa na gurudumu la nyuma. Alhamdulillahi, nilikuwa nimepunguza mwendo kwa ajili ya tuta. Nguo ikararuka, mwili ukasalimika. Akashuka, akanitazama, akasema, "Mie chombo hiki sipandi tena." Nikafahamu kuwa nisipokitengeneza, kitakachokatika ni udugu.

Vijana wa mtaani wakanishauri ninunue pikipiki ya aina ya kruza, mfano wa zile za Harley-Davidson, kampuni iliyoanzishwa Milwaukee, Marekani, mwaka 1903. Jirani anayo moja, nikaijaribu. Kiti ki chini, usukani umerudi kifuani, miguu iko mbele kama mtu aliyejinyoosha barazani. Barabara ikiwa laini, ni raha tupu. Lakini tulipofika kwenye tuta niliona aibu yake: miguu iliyotangulia mbele haiwezi kukuinua kitini, na kishindo chote hupokewa na uti wa mgongo. Nasi matuta yetu yamepangwa kama shanga. Tena ni nzito. Ikilala mchangani, mtu wa umri wangu ataiinua na nani?

Basi nikabaki na Boxer yangu ya kutoka India, nikaazima lililo jema kwa kruza: kukaa wima, mikono ikiwa imelegea. Miguu nikaiacha chini yangu.

Kwa fundi wa viti niliomba sponji laini kama godoro. "La, mzee wangu," akanijibu. "Sponji laini ni tamu dukani. Ukienda nusu saa imelala, umekalia bati." Akatia ngumu chini na nyembamba laini juu, kisha akakipanua kiti. Fundi wa kuchomelea akanifungia usukani mrefu zaidi, uliorudi nyuma kiasi cha kiganja, viwiko vipate kupinda. Tukaugeuza kushoto na kulia hadi mwisho, kuhakikisha waya za breki na klachi hazivutiki. Msomaji, hilo usilisahau.

Mwenzangu akawekewa egemeo la mgongo na vyuma vipana vya kukanyagia. Tena kuna wavu wa chuma kando ya gurudumu la nyuma, ambao Wahindi huuweka kwa sababu ya sari za wake zao. Wangu nilikuwa nimeung'oa kwa mkono wangu, nikiuona mzigo usio na kazi. Kumbe linalookoa sari huokoa na buibui! Nimeurudisha, na kabla ya kuondoka buibui hukunjwa likakaliwa. Springi za nyuma nazikaza tukiwa wawili. Helmeti ni mbili, yake na yangu.

Sisi watunga mashairi twajua kuwa mshororo ukizidi mizani moja tu, sikio hulikataa shairi zima. Mwili nao husikia. Makalio, mikono na miguu vikipatana, kilomita mia ni beti za kuimba. Kimoja kikizidi, hata Mtwapa ni mbali. Kwa hiyo usinunue kwa rangi wala kwa mlio. Keti juu yake robo saa, na umketishe na yule utakayempakia, maana yeye hana usukani wa kushika.

Mwezi uliopita ilinibidi kumbembeleza mwenzangu hata akapanda. Tulipumzika Kilifi, tukafika Mambrui jua lingali juu, dada akatupokea kwa furaha. Kurudi, tuliposhuka hapa Shanzu, mke wangu alikung'uta vumbi la buibui, zima bila tundu, akaniambia, "Mwezi ujao tutoke mapema, tukae naye zaidi."