Kelele, Makapi au Usuli? Istilahi Moja ya Vigunduzi vya Chembe

Katika kazi ya kuunda istilahi, neno linalosumbua si lazima liwe neno geni. Mara nyingi ni lile jepesi ambalo kila mtu anadhani analijua. Mfano mmoja ni jina la ishara zisizotakiwa zinazonaswa na vigunduzi katika vigonganishi vya chembe. Maneno matatu huja akilini upesi: kelele, makapi na usuli. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kuwa uchaguzi baina yao si wa ladha tu.

Yafaa tuanzie mahali tunapopajua. Kata ya Kalangalala imo katika mji wa Geita, na sehemu kubwa ya dhahabu ya Geita imo katika miamba yenye matabaka ya chuma, au karibu nayo. Mchimbaji mdogo anayepitisha detekta juu ya ardhi ya namna hiyo huweza kusikia mlio hata pasipo na dhahabu. Mlio huo si wa uongo: chini kuna kitu kweli, ila sicho anachokitafuta. Wala kifaa hakikuharibika. Kwa hiyo mwenye uzoefu hakifungui kukitengeneza. Hukipitisha kwanza juu ya ardhi tupu ya mahali palepale, akakirekebisha mpaka mlio wa ardhi utulie, ndipo aanze kutafuta. Amepima asichokitaka ili apate anachokitaka.

Ndivyo ilivyo pia katika kigonganishi kikubwa cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Njia yake ya mviringo ina urefu wa kilomita 27 hivi, nayo imechimbwa chini ya ardhi. Protoni hupita humo katika mafungu, na mafungu hayo hukutana hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Karibu migongano yote hutoa matukio yaliyokwisha kujulikana. Zaidi ya hayo, kigunduzi hupitiwa na:

(a) chembe zinazotokea protoni zikigonga vizuizi, au gesi kidogo iliyobaki katika bomba;

(b) nyutroni na fotoni zinazozagaa katika ukumbi wa kigunduzi;

(c) myuoni zitokazo angani, ambazo kwenye usawa wa bahari hupita takriban 1 katika kila sentimita mraba kwa dakika.

Hizi zote ni chembe halisi. Kuziita kelele ni kosa, kwani kelele ni ishara ambazo kifaa hujizalishia chenyewe, kwa mfano kwa joto la saketi zake, bila chembe yoyote kupita. Na dawa zake si moja: kelele hupunguzwa kwa kuboresha kifaa, lakini chembe halisi zitazidi kunaswa hata kifaa kiwe bora namna gani.

Je, tuziite makapi? Neno hili ni tamu, lakini makapi hutenganishwa na punje kwa ungo. Fotoni mbili zilizotokana na bosoni ya Higgs hazina alama ya kuzipambanua, tukio kwa tukio, na fotoni mbili za mgongano wa kawaida. Hapo ungo hausaidii; kilichobaki ni kuhesabu. Ugunduzi wa bosoni hiyo ulipotangazwa tarehe 4 Julai 2012, ushahidi wa fotoni ulikuwa kinundu kidogo juu ya mchirizo laini, karibu na GeV 125. Asiyeujua mchirizo asingeweza kukisadiki kinundu.

Kiasi cha ishara hizo zisizotakiwa hujulikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupima pale ambapo kinachotafutwa hakipo, kwa mfano wakati fungu moja la protoni linapopita peke yake bila kukutana na jingine. Ya pili ni uigaji. Kompyuta hupewa umbo la kigunduzi, mata yake na kanuni za fizikia, kisha hufuata safari ya kila chembe, hatua kwa hatua, kwa kutumia nambari za nasibu. Njia hii ya Monte Carlo ilibuniwa miaka ya 1940 na Stanislaw Ulam na John von Neumann, ikapewa jina la mji wa kamari. Hata hivyo uigaji hausadikiwi hivihivi: hulinganishwa na vipimo, na tofauti iliyopo huingizwa katika kiasi cha shaka ya jibu.

Kwa sababu hizo napendekeza usuli, neno lenye maana ya asili, na pia ya mambo yaliyo nyuma ya jambo linaloelezwa. Tuseme ishara za usuli, kupima usuli, kuiga usuli na kutoa usuli. Kelele ibaki kwa kifaa, na makapi yabaki kwa mkulima.

Faida yake haiishii Ulaya. Kipima mionzi kikiwashwa popote, mgodini au shuleni, huhesabu kitu, kwa kuwa miamba na anga havinyamazi. Aliyefundishwa kuwa hiyo ni kelele atadhani kifaa ni kibovu, au ataidharau hesabu. Asiyeitoa ataishtaki ardhi isiyo na hatia. Aliyefundishwa kuwa ni mionzi ya usuli ataipima kwanza, kisha ataitoa.

Iwapo wachimbaji wa Geita wanalo neno lao kwa mlio wa ardhi tupu, wasomaji wanaombwa watuletee. Huenda likawa bora kuliko hili.