Mtoto wa Jicho na Usalama Barabarani



Kila dereva aliyewahi kuingia Juba jioni akitokea Nimule anaifahamu adha ya jua la machweo. Barabara hiyo ya kilomita 192 hupita upande wa mashariki wa mto Nile, na dereva avukapo daraja kuja mjini hulielekea jua. Kioo chenye vumbi, ambacho mchana kutwa hakikumsumbua, ghafla hugeuka pazia jeupe. Vumbi halikuongezeka, kilichobadilika ni upande utokako mwanga.

Hivyo ndivyo ugonjwa wa mtoto wa jicho unavyomtenda dereva. Nyuma ya mboni iko lenzi, iliyoumbwa kwa maji na protini, nayo ikiwa nzima hupitisha mwanga kama kioo safi. Miaka ipitapo, protini hizo hushikamana na lenzi ikaingia ukungu. Mwanga upitao humo hautulii mahali pamoja, bali hutawanyika ndani ya jicho na kuifunika picha. Mwenda kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi, ng'ombe avukaye njia, au lori lililoharibika bila taa, vyote humezwa na weupe huo.

Kwa sababu hiyo, mtu aweza kusoma herufi zote ukutani katika chumba cha daktari, kisha usiku asione kitu mbele ya taa za gari lijalo. Aina moja ya ukungu, ile iotayo upande wa nyuma wa lenzi, hudhuru zaidi penye mwanga mkali, kwa kuwa mboni hujifinya na kuacha tundu dogo linaloelekea ukungu wenyewe.

Hapa Sudan Kusini hatari hiyo ina nyongeza. Sisi huendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yameletwa kupitia Mombasa na Kampala, nayo yaliundwa kwa nchi za kuendesha kushoto. Taa zake, hata zikiinamishwa, huelekeza mwanga kushoto, yaani kwa dereva ajaye. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva asipoona kwa sekunde 3, amekwenda mita 50 gizani, huenda na askari wenzake wamejaa nyuma.

Ugonjwa huu si wa wazee peke yao. Uzee ndio sababu kubwa, lakini jeraha la jicho, kisukari, sigara na jua kali huchangia pia. Askari aliyeumia jicho vitani aweza kupata ukungu miaka mingi baadaye.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Dereva aonaye duara za mwanga kuzunguka taa, rangi zikififia, au anayelazimika kubadili miwani mara kwa mara, hana budi kupimwa. Askari wa trafiki naye akumbuke kwamba dereva anayeyumba akutanapo na taa si lazima awe mlevi. Na kamanda anayeambiwa na dereva wake kuwa usiku haoni vema, asimhesabu kuwa mkwepa kazi. Ampe safari za mchana na kumpeleka kwa daktari.

Hakuna dawa ya matone iondoayo ukungu huo. Tiba ni upasuaji, na lenzi mpya huwekwa mahali pa ile mbovu. Tiba hiyo ina asili ya kijeshi. Daktari Harold Ridley wa London aliona kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege za kivita, vilivyoingia machoni mwa marubani wa Uingereza, havikuleta uvimbe. Mwaka 1949 akaweka lenzi ya kwanza ya plastiki hiyo. Mwaka 2002 watafiti wa Alabama, Marekani, walionyesha kwamba madereva waliopasuliwa walipata ajali kwa kiwango cha nusu ya wenzao ambao hawakupasuliwa. Mjini Juba, upasuaji huo umekuwa ukifanywa katika kituo cha macho cha Buluk.

Ndugu wasikilizaji, husemwa kwamba ajali haina kinga. Ajali iletwayo na mtoto wa jicho inayo kinga. Kila kikosi kiwapime madereva wake macho, tena si kwa herufi za ukutani tu, bali wakabiliane na mwanga pia, kabla ya kuwakabidhi usukani wa usiku.