Lutuku na Ramu ni Ndugu

Mama anayepika lutuku, kileo kikali cha mahindi, Kamatanda, hapa Likasi, hufanya kazi ileile iliyoizaa ramu. Mahindi yaliyochipua, yaani kimea, huchanganywa na unga na maji, yakaachwa kwenye pipa hadi yachache. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na hamira hugeuza sukari kuwa alkoholi. Pombe ikipanda motoni, alkoholi hutangulia kuwa mvuke, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 78, na maji kwenye 100. Mvuke hupita katika bomba linalopozwa kwa maji, ukarudi kuwa matone makali.

Ramu haihitaji kimea, maana sukari ipo tayari. Karne ya 17, Barbados ilijaa mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Molasi, masalio meusi ya kupika sukari, ilikuwa nyingi, ikachachushwa na kupikwa kwa mvuke. Waingereza waliiita ramu ya mwanzo "muua-shetani". Kisha ikapakiwa melini hadi Afrika Magharibi kununulia watu wengine waliopelekwa kukata miwa ileile. Luanda nako, kileo cha miwa cha Brazil kilifanya kazi hiyo. Miongoni mwa waliouzwa walikuwamo mateka wa himaya ya Lunda, jirani zetu.

Lutuku, kwa upande wake, ilipigwa vita. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919, ambao Ubelgiji, mtawala wetu wa wakati huo, iliusaini, ulikataza kutengeneza vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika. Upishi haukufa, ulihamia gizani, mahali pasipo na mkaguzi.

Ramu iliaminika ilipopata kipimo. Mwaka 1816 Uingereza ilipitisha kisheria kipimo cha Sikes cha kujua nguvu ya kileo. Uganda nayo, mwaka 1965, iliweka sheria ya kuwapa leseni wapika enguli, kileo kikali cha kienyeji cha huko, na kileo chao kikasafishwa kiwandani, kikatiwa chupani kwa jina la Uganda Waragi.

Hapa kwetu hatari kubwa haitoki kwenye mahindi. Rejeta kuukuu ya gari ikigeuzwa bomba la kupozea, risasi iliyounganishia vyuma vyake huingia kwenye kileo na kumdhuru mnywaji polepole. Polisi akimwaga pipa, mama atapika tena kesho kwa rejeta ileile, kwa sababu ada ya shule ya watoto haisubiri. Mpeni bomba safi la shaba, madini tunayochimba wenyewe, na kipimo mkononi. Hapo atapika mchana, mbele ya macho yetu.