Je, Wajua? Jua la utosini na ngozi ya mtoto

Fukayosi, kwenye barabara ya Bagamoyo–Msata, jua hupita utosini mara 2 kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Kwa mtoto mwenye ualbino, ngozi isiyo na kinga yake ya asili huungua upesi, na madhara hujilimbikiza hadi kuleta saratani.

Je, wajua kuwa losheni ya Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, hutengenezwa hapahapa Tanzania, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi?

Dukani, tafuta losheni yenye kipimo cha kinga ya jua (SPF) cha 30 au zaidi. Ngozi ikiwa nyepesi kuwashwa, chagua isiyo na manukato, yenye zinki oksaidi, na ijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono. Ipake kwa wingi, masikio na shingo visisahaulike. Rudia kila baada ya saa 2. Kichanga wa chini ya miezi 6 akae kivulini.

Lakini nguo hutangulia losheni: mikono mirefu, kofia ya pama. Walimu, tafadhali, msimvue mtoto kofia hiyo mstarini. Asubuhi ya mawingu pia mionzi hupenya.