Kazi Yangu Ni Kuhesabu

Daktari anapoinama kumwekea mtoto mchanga mrija wa kupumulia, au tyubu kama tunavyoiita wodini, mimi husimama pembeni ya kitanda cha joto nikitazama mshale wa sekunde. Kazi yangu ni kuhesabu kwa sauti. Kumi. Ishirini. Nikifika thelathini nasema, "Toa," naye anatoa, hata kama anaamini amekaribia. Maski inarudi usoni, ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa, inabonyezwa, tunasubiri oksijeni ipande kwenye monita. Ndipo tunajaribu tena.

Wazazi wakisikia "tena" hushtuka. Wengi hudhani daktari hajui kazi. Taarifa iliyokusanywa kwenye hospitali 10 kubwa za nchi mbalimbali, ikachapishwa mwaka 2019, ilionyesha kuwa hata huko mrija huingia kwa jaribio la kwanza chini ya nusu ya mara zote.

Sababu yake utaiona ukimtazama njiti wa kilo moja. Ulimi umejaa mdomo mzima, koo liko juu na limejificha, mate yanafunika kila kitu. Mrija wenyewe una tundu la milimita mbili na nusu. Mlango wa hewa na mlango wa chakula imekaa jirani kabisa, na muda wote daktari anapotafuta, mtoto hapumuliwi, naye hana akiba ya oksijeni kama mtu mzima.

Katika hospitali niliyoanzia kazi nilijifunza kwamba mrija kuingia pekee hakutoshi. Usiku mmoja tyubu iliingia, tukaweka stethoskopu kifuani, tukasikia hewa, tukafurahi. Sista mmoja mkongwe hakufurahi. Alikuwa akitazama tumbo. "Mbona linapanda tumbo, kifua kimelala?" Hewa ilikuwa ikienda tumboni; kifua cha mtoto ni kidogo mno, sauti ya huku husikika kule. Akaichomoa, akashika maski, na midomo ya yule mtoto ikarudi kuwa myekundu. Siku hizi tunaunganisha kwenye mrija kikopo kidogo chenye karatasi ya zambarau. Hewa inayotoka mapafuni ikiigusa, inageuka njano. Lakini mtoto ambaye moyo wake unapiga kwa shida anaweza asiigeuze hata kama mrija uko sawa, kwa hiyo macho bado yana kazi.

Kisha kuna kina. Chukua kilo za mtoto, ongeza sita: wa kilo moja, alama ya sentimita saba ikae mdomoni. Ikizidi kidogo, ncha inaangukia pafu la kulia na la kushoto linakosa hewa. Kidevu kikiinama mrija unazama, kichwa kikirudi nyuma unapanda. Ndiyo maana nakuwa mkali mtu anapomgeuza mtoto bila kushika plasta inayoshikilia mrija.

Mwaka 2024 madaktari wa Dublin walichapisha utafiti wa kifaa cha kutazamia koo chenye kamera ndogo kwenye ncha. Jaribio la kwanza lilifaulu kwa watoto 74 kati ya 100. Kwa kifaa cha kawaida, 45. Nakitamani kwa sababu moja: sote tungeona kwenye skrini anachokiona daktari, na anayejifunza angeelekezwa palepale.

Hata hivyo, ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kupeleka kila zahanati, ningechagua mikono inayojua maski. Hapa Tanzania, wakunga wa hospitali nane walipofundishwa kumkausha mtoto, kumsisimua na kumpa pumzi kwa ambu ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua karibu nusu. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2013, na mafunzo yale hayakuwa na tyubu hata moja.

Juzi tulikuwa na njiti wa kilo moja na gramu mia mbili. Karatasi ilipogeuka njano nikaandika alama ya mdomoni kwenye faili, nikatoka. Mama yake alikuwa kwenye benchi, kanga ameibana kifuani.

"Sista, imeingia?"

"Imeingia, mama. Mara ya pili."

"Ile ya kwanza je?"

"Tuliitoa ili apumue kwanza."

Akaniuliza kama anaweza kumwona. Nikamwonyesha pa kunawia mikono.